Rem Khokhlov na Nuru Iliyogawanywa

Lori likifika Malaba na tani 30, shehena yake yaweza kupakiwa upya katika magari mawili: moja tani 20, jingine 10. Mizigo imepungua ukubwa, lakini hesabu ya forodha ni ileile. Mfanyabiashara wa Bumala aliyeizoea njia ya mpakani hawezi kulistaajabia wazo hilo. Rem Khokhlov, mwanafizikia wa Urusi, alilitumia katika nuru.

Khokhlov alizaliwa tarehe 15 Julai 1926 katika mji wa Livny. Vita Vikuu vya Pili vilimtoa shuleni, akawa fundi wa magari, akakamilisha masomo kwa kujisomea. Mwaka 1948 alihitimu fizikia katika Chuo Kikuu cha Moscow, akadumu hapo maishani, isipokuwa kipindi kifupi huko Stanford, Marekani, kuanzia 1959.

Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake wa Michigan walipitisha nuru ya leza nyekundu katika fuwele ya kwatsi, nayo ikatoa kiasi kidogo mno cha miale ya urujuanimno. Yasemekana doa lake katika picha lilifutwa na wahariri wa jarida waliolidhania uchafu. (Wahariri wetu na watahadhari!)

Mwaka 1962 Khokhlov na mwenzake Sergei Akhmanov waliligeuza jambo hilo. Walionyesha kwa hesabu kwamba ndani ya fuwele ifaayo, fotoni moja yaweza kugawanyika kuwa mbili dhaifu, jumla ya nishati isipotee. Fuwele ikizungushwa au ikipashwa joto, mgawo hubadilika, na urefu wa mawimbi vilevile. Leza ya kawaida hushikilia rangi yake kama ngoma ya sauti moja. Hii ingechezwa kama zumari. Mwaka huohuo walianzisha maabara ya taaluma hiyo mpya, na mwaka 1964 wakatoa kitabu chake.

Hata hivyo, chombo chenyewe kiliundwa kwanza Marekani, mwaka 1965, na Giordmaine na Miller wa Bell, kwa fuwele ya lithiamu niobeti. Kumwita Khokhlov mvumbuzi wa chombo si haki. Yeye ni miongoni mwa walioiona njia mapema. Fuwele za baadaye ziliipeleka nuru hiyo hadi infraredi ya kati, isiyoonekana kwa macho, ambako kila gesi hufyonza mawimbi yake: methani karibu na mikromita 3.3, monoksidi ya kaboni karibu na 4.6. Kwa hiyo gesi chache mno hewani hutambulika.

Khokhlov alitunukiwa Tuzo ya Lenin mwaka 1970 pamoja na Akhmanov, na mwaka 1973 akawa mkuu wa chuo chake. Lakini uongozi haukumtenga na milima, mapenzi yake ya siku nyingi. Mwaka 1977 alikwenda Pamir, Tajikistan, kuukwea mlima wa mita 7,495, unaoipita Kilimanjaro kwa mita 1,600. Aliugua huko juu, akarejeshwa Moscow, akafariki tarehe 8 Agosti, akiwa na umri wa miaka 51. Akhmanov aliendelea na kazi yao hadi alipofariki mwaka 1991.