Sidi Mubarak Bombay, aliyeizunguka Uluguru kwa miguu

Ukishuka Msamvu alfajiri, kabla ukungu haujaondoka, unaiona milima ya Uluguru imesimama upande wa kusini kama ukuta. Kilele cha Kimhandu kinapita meta 2,600, na mara nyingi hukioni kwa sababu ya mawingu. Wiki iliyopita msikilizaji wetu mmoja wa Mgeta alituma ujumbe akitaka kujua misafara ya zamani iliyotoka pwani ilipitaje hapa, ilipanda mlima au iliukwepa. Hewani nilijibu kwa kifupi kwamba iliukwepa. Lakini dakika za redio ni chache, na nyuma ya swali hilo yupo mtu anayestahili kuelezwa kwa kirefu. Ndiyo maana naandika haya, uyasome taratibu kwenye simu yako.

Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay. Watoto wa shule wanawajua Burton, Speke na Stanley. Huyu hawamjui, na wakati wote hao watatu walipita nchi hii yeye akiwa nao.

Alizaliwa kati ya Wayao karibu mwaka 1820, huko kwenye mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo. Alipofika umri wa miaka 12 hivi, kijiji chao kilivamiwa na watekaji, watu wakafungwa na kuswagwa hadi Kilwa. Pale aliuzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, akavushwa Unguja, kisha akapelekwa India, upande wa Gujarat. Aliishi huko miaka mingi akiwa mtumwa. Bwana wake alipokufa, aliachwa huru.

Jina alilozaliwa nalo halikuendelea naye. Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika, Mubarak ni jina la Kiislamu, na Bombay ni ule mji ambao leo unaitwa Mumbai. Jina zima alilichukua ughaibuni. Jambo hili tuliweke kando kwanza, nitalirudia nikifika kwa Stanley.

Alirudi Unguja akiwa mtu mzima, akaingia katika jeshi la Sultani, akapangwa kwenye kituo kidogo cha askari bara, karibu na bonde la Pangani. Hapo ndipo mwanzoni mwa 1857 walipomkuta Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakifanya safari ya majaribio kabla ya ile kubwa. Speke hakujua Kiswahili, ila alijua Kihindustani kwa sababu alikuwa askari India. Bombay naye alikijua. Basi wakawa wanaelewana kwa lugha ya bara jingine, Mwingereza na Myao, katikati ya nchi ya Kiafrika. Speke akisema neno kwa Kihindustani, Bombay analigeuza Kiswahili, na mwenyeji analigeuza tena kwa lugha ya kwao. Fikiria maneno mangapi yalipotea njiani. Na fikiria pia kwamba mengi ambayo Speke aliyaandika kuhusu nchi hii yalipita kwanza kinywani mwa mtu huyu.

Wakamwajiri abebe bunduki.

Msafara uliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Ulifuata bonde la mto ambao sisi tunauita Ruvu, ukaingia nchi ya Wakutu, kusini mashariki mwa Uluguru. Wasikilizaji wa Duthumi, kijiji chenu kimo katika habari hii: Burton na Speke waliangushwa na homa hapo, wakalala siku kadhaa hawawezi kusimama. Toka hapo walifika Zungomero, karibu na Kisaki ya leo. Zungomero ilikuwa kama stendi kuu ya misafara. Njia za pwani zilikutana pale, wapagazi walipumzika, waliougua waliachwa, na walioachwa wengi hawakuondoka tena. Hali ya hewa ilikuwa nzito na mvua haikwisha. Baadaye wakapandisha vilima vya magharibi na kushuka tambarare ya Mkata. Kwa hiyo mara ya kwanza Bombay aliipita Uluguru kwa mgongo wake wa kusini.

Vijana wananiuliza kwa nini wasikate moja kwa moja kupitia juu. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, kichwani au begani. Mzigo ulikuwa marobota ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vilikuwa fedha ya njiani. Posho ya chakula ilinunuliwa kwa nguo, na ruhusa ya kupita kwa mtawala ililipwa kwa nguo. Malipo hayo ya ruhusa yaliitwa hongo. Ndiyo, neno lile lile ambalo leo tunalikemea maofisini, wakati ule lilikuwa ushuru wa kawaida wa kupita nchi ya watu. Sasa mtu mwenye kilo 30 kichwani hapandi mteremko wa Bunduki au Kinole bila sababu. Waluguru walioishi juu walikuwa salama kwa sababu hiyo hiyo. Misafara ilipita chini, na pamoja nayo ilipita mengi ambayo watu wa mlimani hawakuyataka.

Safari ile iliwafikisha Tabora Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858. Burton alipobaki Tabora akiugua, Speke na Bombay walikwenda kaskazini na kuliona ziwa kubwa pale Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Speke akalipa jina la malkia wake.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii na James Grant, na Bombay akawa mmoja wa wakubwa wa watu wa Unguja. Tena wakapita Zungomero. Walifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, wakaliona ziwa linapomwaga maji yake kuanzisha mto Nile, kisha wakaufuata kuelekea kaskazini hadi Gondokoro, Sudani Kusini ya leo, Februari 1863, na baadaye Kairo. Mtu aliyetolewa kwao kwa kamba akiwa mtoto alikuwa sasa ametembea toka pwani ya Tanzania hadi Misri. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa medali ya fedha.

Nisikufiche upande wa pili. Katika safari hiyo Bombay na Speke waligombana, na Speke alimpiga ngumi za uso. Stanley alipomwona miaka michache baadaye aliona pengo kwenye meno ya mbele, akaambiwa limetokana na mkono wa Speke. Vitabu vinamsifu Speke kwa kumpenda mtumishi wake. Mimi kila nikisoma sifa hizo nalikumbuka pengo hilo.

Sasa tufike kwa Stanley, maana hapa ndipo mji wetu wa Morogoro unaingia.

Henry Morton Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands. Wales ni nchi ya vilima na pwani yenye miamba, na siku hizi watu huenda huko kutembea kwa miguu kwa kujifurahisha. Yeye hakuwa na starehe hiyo. Familia ilimtupa, akalelewa katika nyumba ya maskini, akakimbilia Marekani na kuchukua jina la mtu mwingine. Kwa hiyo mwaka 1871 walipokutana Unguja, walikutana watu wawili waliokosa wazazi na kubeba majina ya ugenini. Ungetegemea waoneane huruma. Haikuwa hivyo.

Bombay alikuwa akiishi Pemba. Stanley alimfanya nahodha wa askari wake kwa mshahara wa dola 80 kwa mwaka. Msafara wa karibu watu 200 uligawanywa mafungu matano, na fungu la mwisho liliondoka Bagamoyo Machi 1871, masika inaanza. Safari hii hawakupita Zungomero. Walipita kaskazini, chini ya uso wa Uluguru unaotazama Msamvu, na mwezi Aprili wakafika Simbamwene.

Simbamwene ndiyo Morogoro kabla ya Morogoro. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, Mzigua aliyekuwa jasiri wa vita na hodari wa kuteka watu. Stanley alishangaa kuukuta na ukuta wa mawe, minara minne kwenye pembe zake, na milango ya mbao iliyochongwa. Alikadiria wakazi kati ya 3,000 na 5,000. Kisabengo alikwishakufa, na aliyetawala alikuwa binti yake. Kwa watu wa hapa, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mwanamke kushika nchi si ajabu. Stanley yeye aliona ni kituko, na akajaribu kuondoka bila kumaliza shauri la hongo.

Bibi huyo hakuwa wa kuchezewa. Mpishi wa Stanley alishikwa akiiba, akachapwa, akatoroka. Stanley alituma watu watatu warudi kumtafuta. Mtawala wa Simbamwene akawakamata, akawafunga minyororo, na hawakutoka mpaka mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa akipita alipowaombea.

Mbele yao kulikuwa na Mkata. Mnaoishi kati ya Morogoro na Kilosa mnaijua tambarare ile ikinywa mvua. Maji yalifika mapajani, mahali pengine shingoni, matope yananata, punda wanakufa mmoja baada ya mwingine. Stanley mwenyewe alishikwa na homa na kuhara damu. Bombay alipoteza mali ya msafara, hema ikiwa mojawapo, na Stanley akamvua unahodha kwa muda. Sitamtetea kwa kila kitu. Alisahau mambo, alipenda pombe, na maelezo yake alipokosea yalikuwa marefu. Lakini katika wale wanaume wote waliovuka Mkata, yeye alikuwa mmoja wa wachache waliokwisha kuwaongoza wazungu hadi kwenye maziwa na kuwarudisha hai. Wazungu wawili aliokuja nao Stanley, Farquhar na Shaw, wote walifia bara, mmoja Mpwapwa, mwingine karibu na Tabora.

Novemba 1871 msafara uliingia Ujiji na kumkuta Livingstone. Dunia nzima ilisikia habari ya wazungu wawili kukutana. Bombay alikuwepo.

Waliporudi mwaka 1872 walikuta maafa. Masika ya mwaka ule yalikuja na tufani iliyoibomoa hata Unguja, na huku kwetu mto ulifurika, ukachukua ukuta wote wa mbele wa Simbamwene na nyumba zipatazo 50. Vijiji vya Waluguru kwenye miteremko navyo vilisombwa. Ule mji wa minara minne haukupata tena nguvu yake. Nikisikia wazee wakisema mafuriko ni mambo ya siku hizi, huwa nawasimulia hilo.

Mwaka uliofuata Bombay alipita tena hapa hapa, na Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Walitumwa kumsaidia Livingstone, lakini walipokuwa Tabora, Oktoba 1873, walikutana na Chuma na Susi wakiibeba maiti yake kuelekea pwani. Wengine wangegeuka hapo. Cameron aliendelea na Bombay aliendelea naye: Ujiji, Nyangwe katika Kongo, kisha kusini na magharibi kupitia nchi ambazo Bombay hakuwahi kuziona. Novemba 1875 msafara ulifika pwani ya Angola kwa mafungu, njaa imewakausha. Cameron akaitwa Mzungu wa kwanza kuivuka Afrika ya kati toka bahari hadi bahari, mashariki kwenda magharibi. Bombay na wenzake walirudishwa Unguja kwa njia ya bahari, kuzunguka kusini mwa Afrika.

Waliojaribu kupiga hesabu wanasema alitembea kama kilometa 9,600, nyingi kwa miguu yake. Mwaka 1876 kile chama cha jiografia kilimpangia pensheni. Kitabu hakuandika. Burton aliandika, Speke aliandika, Grant, Stanley, Cameron, wote. Tunachojua kuhusu Bombay tumekipata kwa watu waliomwajiri na wakati mwingine kumpiga, na nakuomba uyasome maneno yao ukilikumbuka hilo, kama nilivyojitahidi kufanya hapa.

Kwa yule msikilizaji wa Mgeta, basi: Bombay aliipita Uluguru kusini akiwa na Burton na Speke, na kaskazini akiwa na Stanley na Cameron. Kilele chake aliendelea kukitazama toka chini.

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, nchi ya Morogoro ikiwemo, akikusanya mikataba ambayo walioitia alama hawakuweza kuisoma. Februari 1885 Berlin ikaitangaza nchi hiyo kuwa chini ya ulinzi wake, na Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani Barghash. Sidi Mubarak Bombay alifariki Unguja tarehe 12 Oktoba mwaka huo huo.