Mfalme Mwanga Aliyekimbilia Bukumbi

Msafiri atokaye Nyegezi akishika njia ya kusini, ghuba ya ziwa ikiwa mkono wake wa kuume, hufika Bukumbi. Mapadre Weupe walianzisha misioni pale mwaka wa 1883, baada ya kuondoka Buganda kwa kuona hatari katika jumba la Mfalme Mutesa. Wengi wetu twaijua Bukumbi kwa habari za ubatizo na shule. Wachache hukumbuka ya kuwa palipata kuwa maficho ya Mwanga, mwana wa Mutesa, yeye aliyewachoma moto mashahidi wa Namugongo. Basi na tusimulie habari zake, kwani zahusu ziwa letu.

Mwanga alizaliwa yapata mwaka wa 1868. Mama yake aliitwa Abisagi Bagalayaze. Baba yake alikuwa na wake wengi na watoto wengi. Katika Buganda mwana wa mfalme huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, nao wakuu wa nchi ndio waliochagua mrithi. Kwa hiyo kila mwana alikuwa tumaini la wajomba zake na hatari kwa nduguze. Asiyelijua jambo hili hatamwelewa Mwanga.

Alipokuwa kijana aliwazoea mapadre, hasa Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Mutesa alipofariki Oktoba 1884, Mwanga akatawazwa, hajatimiza bado miaka 20. Mara akawaita mapadre warudi kutoka ng'ambo ya ziwa, nao wakarudi mwaka wa 1885. Nani angalidhani mabaya?

Lakini mwaka ule ule zilifika habari za Wadachi kujitwalia nchi za pwani, na wazee wa baraza wakamtia mfalme hofu. Askofu Hannington wa Kiingereza, aliyekuja kwa njia ya mashariki, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri yake. Yosefu Mukasa, mtumishi mkuu wa jumba lake, akathubutu kumlaumu. Akauawa mwezi uliofuata. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo, naye Kizito alikuwa wa miaka 14 hivi. Padre Lourdel alikwenda ikuluni kuwaombea, akarudi mikono mitupu. Wako wasemao kosa ni la washauri. Sisi hatukubali: washauri walisema, mfalme ndiye aliyeamuru.

Mwaka wa 1888 Mwanga akafanya shauri la kuwapeleka Wakristo na Waislamu katika kisiwa, awaache huko wafe njaa. Wakalijua, wakaungana, wakamwondoa mwezi wa Septemba. Akapanda mtumbwi pamoja na vijana wachache, akavuka ziwa hata Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu. Hao wakamnyang'anya mali, wakamweka kama mateka.

Huko nyuma nduguye Kiwewa alitawala mwezi mmoja tu. Akaondolewa, akatawazwa ndugu mwingine, Kalema. Mapadre nao walifukuzwa, wakaja Bukumbi. Kalema, kwa kuogopa kupinduliwa, akamwua Kiwewa na ndugu wengi wa nyumba ya kifalme, wanaume kwa wanawake. Mwanga angalikuwa Buganda, asingalipona.

Akiwa Magu alipeleka habari kwa mapadre, akaomba wampokee. Na tufikiri kidogo ombi lile liliwafikia watu gani. Lourdel alikuwa amewabatiza baadhi ya wale waliouawa. Askofu Livinhac alikuwa baba wa kundi lile lililotawanywa. Hata hivyo walimpokea, wakampa nyumba na chakula, na Mwanga akakiri mabaya yake, akaomba msamaha. Akaanza kujifunza katekisimu, akiketi kama mwanafunzi. Ubatizo hakuupata, mioyo ya wafalme haifunguki kwa siku moja, na wake zake walikuwa wengi.

Mwaka wa 1889 Wakristo waliokimbilia Nkore wakatuma wajumbe hata Bukumbi, kumwomba yule yule aliyewaua ndugu zao awe mfalme wao tena. Akaondoka kwa jahazi la Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland, na Oktoba akaingia Mengo. Kalema akafa kwa ndui mwaka wa 1890. Baadaye wana wawili wa Kalema, wangali wadogo, walitunzwa na mapadre Bukumbi, pale pale alipookoka mtu ambaye baba yao angalimwua. Mwaka wa 1893 wakarudishwa Buganda.

Yaliyofuata ni marefu, twayapitia upesi. Wakristo wa madhehebu mbili walipigana Mengo Januari 1892, Mwanga akawa mara upande huu, mara upande ule. Julai 1897 akawaasi Waingereza, akashindwa. Wakamtawaza mwanawe Daudi Chwa, aliyezaliwa na Evelyn Kulabako, mtoto wa mwaka mmoja tu. Mwanga akakamatwa Aprili 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, adui wa zamani wa nyumba yake, wakapelekwa wote wawili visiwa vya Shelisheli. Huko Mwanga akabatizwa katika kanisa la Kianglikana, akaitwa Danieli. Akafariki Mei 1903. Mwaka wa 1910 mwili wake ukarudishwa Buganda, ukazikwa Kasubi katika nyumba alimozikwa baba yake. Naye Daudi Chwa, aliyekuwa akitawala, alikuwa wa miaka 14 hivi, sawa na Kizito.