Mtakatifu Damien wa Molokai, Padri wa Wenye Ukoma

Katika Yubile hii, tunapowakumbuka wote walioijenga parokia yetu, inafaa tumkumbuke pia padri mmoja ambaye hakufika kamwe Afrika, lakini matunda ya kazi yake yamewafikia wagonjwa wa Kongo. Ndiye Padri Damien de Veuster.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, Ubelgiji, kwa wazazi wakulima. Kunako mwaka 1859 aliingia shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, akimfuata ndugu yake mkubwa Pamphile. Mwaka 1863 Pamphile alipaswa kwenda misioni katika visiwa vya Hawaii, lakini akashikwa na homa kali. Damien akaomba kwenda mahali pake. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, na mwezi Mei akapewa upadri.

Wakati ule ukoma ulikuwa umeenea visiwani, na waganga hawakuwa na dawa ya kuuponya. Mwaka 1865 ufalme wa Hawaii ulitoa sheria ya kuwatenga wagonjwa. Tangu Januari 1866 walipelekwa Kalawao, katika kisiwa cha Molokai, penye bahari pande tatu na miamba mirefu upande wa nne. Mume aliachana na mkewe, mtoto na mama yake. Sheria ilikusudia kuwalinda wazima; lakini waliotengwa hawakuandaliwa nyumba za kutosha, wala wauguzi, wala padri wa kukaa nao.

Askofu Maigret hakutaka kumlazimisha padri yeyote. Mapadri wanne wakajitoa kwenda kwa zamu. Damien akatangulia, tarehe 10 Mei 1873, akabaki huko hata kufa. Alifunga vidonda, alijenga nyumba, alileta maji kwa mabomba, alitunza yatima, alitengeneza majeneza na kuchimba makaburi. Alikula nao katika chombo kimoja. Aliomba serikali mbao, nguo na dawa bila kuchoka, hata wakubwa wengine wakamwona msumbufu.

Siku moja mkuu wake wa shirika alifika kwa merikebu, akakatazwa kushuka; Damien naye akakatazwa kupanda. Basi akasimama ndani ya mashua, akaungama dhambi zake kwa sauti, watu wakisikia.

Kunako mwisho wa mwaka 1884 alitia miguu katika maji ya moto sana, asisikie maumivu. Akajua kwamba ukoma umempata yeye pia. Hakuacha kazi. Mwaka 1888 Mama Marianne Cope na masista wenzake wa Mtakatifu Fransisko wakaja Molokai kusaidia. Damien alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Takatifu, mwenye miaka 49.

Katika mwaka ule ule wa 1873, muganga Hansen wa Norway alivumbua kijidudu cha ukoma. Ikajulikana kwamba si laana wala uchawi. Lakini dawa ilikawia. Dawa za sulfoni zilifika Molokai mwaka 1946, na hata hivyo sheria ya kuwatenga wagonjwa ilidumu mpaka 1969. Watu karibu 8,000 walikuwa wamepelekwa kule. Tangu 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni linaagiza dawa kadhaa zinywewe pamoja. Zinaponya kwa miezi 6 au 12, mgonjwa akikaa kwake.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza Damien kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Shirika lenye jina lake, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1964, limewatibu wagonjwa wengi wa Kongo.

Ndugu wakristu, ukoma haujaisha kwetu. Baka la ngozi lisilosikia maumivu lionyeshwe kwa muganga mapema. Dawa ni bure. Sheria ya kutenga imeondoka, lakini iko nyingine isiyoandikwa: sahani ya mgonjwa kuwekwa mbali, na benchi lake kanisani kubaki na nafasi tupu. Hiyo hakuna serikali inayoweza kuiondoa. Kuiondoa ni kazi yetu.

Mtakatifu Damien, utuombee.