KUUZULIWA KWA KHALID BIN WALID

Katika majeshi ya zama hizi iko ada moja ambayo watu wengi huitazama kama tamasha tu, na ilhali ndani yake mna maana kubwa. Inapofika siku ya amiri mmoja kuondoka na mwengine kushika mahali pake, askari hupangwa safu uwanjani na bendera ya kikosi ikaletwa mbele yao. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, anayeondoka hampi bendera ile yule anayeingia. Humpa aliye mkubwa wao wote wawili, na huyo mkubwa ndiye amkabidhiye mpya. Maana yake ni kuwa uamiri haukuwa mali ya yule wa kwanza hata amrithishe amtakaye. Umerudi kwa wenyewe, na wenyewe wamempa mwengine. Na yote hayo hutendwa hadharani, ili askari aliye mwisho wa safu aone kwa macho yake ni nani atakayemtii tangu saa hiyo.

Wala bendera haikuchaguliwa bure. Zamani, vumbi lilipotimka na sauti ya amiri ikawa haisikiki, askari alijua jeshi lake liko wapi kwa kuitazama bendera. Ikisimama, jeshi limesimama. Ikianguka, nyoyo huanguka nayo. Basi aliyeishika alikuwa ameshika roho za watu.

Mambo haya si mageni katika tarehe yetu Waislamu. Tumependa leo tuwasimulie ndugu zetu maisha ya Sayyidna Khalid bin Walid (R.A.), kwani yeye bendera aliipokea katika saa ya msiba, na uamiri akautoa katika saa ya ushindi. Na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Sayyidna Khalid alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Banii Makhzum. Katika mambo ya Makureshi, kila ukoo ulikuwa na kazi yake ya heshima, na Banii Makhzum ndio waliokuwa na amri ya farasi wa vita. Kwa hivyo alilelewa juu ya migongo ya farasi, na ujemadari ulikuwa ni kazi ya nyumbani kwao. Katika vita vya Uhud, mwaka 3 wa Hijra (625), alikuwa bado upande wa makafiri. Wapiga mishale wa Kiislamu walipoacha mahali walipoamrishwa na Mtume (S.A.W.) wasipaache, yeye ndiye aliyeiona nafasi ile, akazunguka na farasi wake akawapiga Waislamu kwa nyuma. Huzuni ya siku ile inajulikana na kila mmoja wetu.

Mwenyezi Mungu akamwongoa mwaka 8 wa Hijra (629), akaja Madina pamoja na Amr bin Al-As na Uthman bin Talha, wakasilimu. Haikupita ila miezi michache akatoka katika jeshi la watu elfu tatu lililopelekwa Muuta, katika nchi ya Sham, mahali ambapo leo ni katika ufalme wa Jordan. Alitoka askari kama askari wengine, hana cheo chochote.

Mtume (S.A.W.) alikuwa amekwisha kupanga tangu Madina namna uamiri utakavyopokezanwa. Amiri ni Zaid bin Haritha. Akiuawa, ni Jaafar bin Abi Talib. Akiuawa, ni Abdalla bin Rawaha. Nao wote watatu waliuawa kwa mpango huo huo. Zaid alianguka, Jaafar akaishika bendera. Akakatwa mkono wa kulia akaishika kwa wa kushoto, akakatwa na wa kushoto akaikumbatia kwa vigasha mpaka akafa. Abdalla bin Rawaha akaitwaa, naye akafa. Sasa bendera haina mtu, na aliyetajwa wa nne hapana.

Akaja Thabit bin Akram, mtu wa upande wa Ansari, akaiokota. Waislamu wakataka yeye awe amiri. Hakukubali. Aliwataka watu wakubaliane juu ya mtu mmoja, kisha akaipeleka bendera mkononi mwa Khalid bin Walid, naye Khalid ana miezi michache tu katika Uislamu. Thabit alijua kuwa yeye si mtu wa kazi ile, na kwamba mwenye kazi yake yupo pale. Twaomba wasomaji wetu wamkumbuke mtu huyu, kwani majina ya mashujaa husomwa sana, na majina ya watu waliojua kumpa mwenzao nafasi husahauliwa.

Sayyidna Khalid alipigana siku ile mpaka panga tisa zikavunjika mkononi mwake. Imepokewa kuwa kulipokucha alizigeuza safu, wa kulia akawapeleka kushoto na wa nyuma akawaleta mbele, hata Warumi wakaona nyuso na bendera wasizozijua, wakadhani msaada mpya umefika. Kwa njia hiyo akalitoa jeshi likarudi Madina. Mtume (S.A.W.) akamwita upanga miongoni mwa panga za Mwenyezi Mungu, na tangu siku hiyo akajulikana kwa jina la Saifullahi.

Baada ya kufa Mtume (S.A.W.), Sayyidna Abubakar (R.A.) alimtegemea Khalid katika mambo mazito kabisa. Yeye ndiye aliyempiga Musailima huko Yamama. Kisha akapelekwa Iraki mwaka 12 wa Hijra (633), akawashinda Waajemi katika mapigano mengi; na mwaka uliofuata akaamrishwa aende Sham kuwasaidia wenziwe, akakata jangwa kavu ambalo jeshi halikuzoea kulipita.

Lakini hatutaki kuwasimulia ndugu zetu nusu ya habari. Katika vita vya walioritadi aliuawa Malik bin Nuwaira kwa amri ya Khalid au kwa kukosea kufahamu amri yake, na Sayyidna Umar (R.A.) akaona kuwa Khalid amestahili kuuzuliwa kwa ajili hiyo. Sayyidna Abubakar alikataa. Aliona kuwa Khalid amekosea katika kufasiri, akalipa dia ya aliyeuawa, na Khalid akamwacha katika uamiri wake. Basi rai ya Sayyidna Umar ilikuwa ya zamani, nayo haikuzuka kwa ghadhabu ya siku moja.

Alipokufa Sayyidna Abubakar mwaka 13 wa Hijra (634), Sayyidna Umar alishika ukhalifa, na katika mambo yake ya mwanzo akapeleka barua Sham ya kumuuzulu Khalid na kumtia Abu Ubaida bin Al-Jarrah. Wanazuoni wa tarehe wamekhitalifiana ni katika vita gani barua ile ilipofika. Lililopokewa ni kuwa Abu Ubaida aliificha mpaka kazi iliyokuwa mkononi ikesha. Yeye ndiye aliyepewa ukubwa, na hakufanya haraka kuushika. Khalid alipopata habari alimlaumu kwa kumficha, na Abu Ubaida akamweleza kuwa alichelea kumvunja moyo katikati ya vita.

Kisha likawa jambo ambalo sisi twaliona ni bora kuliko gwaride lolote. Khalid alisimama mbele ya jeshi akawapa watu habari kuwa wamepelekewa mwaminifu wa umma huu, na kwamba yeye mwenyewe alimsikia Mtume (S.A.W.) akimpa Abu Ubaida sifa hiyo. Naye Abu Ubaida akajibu kuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa Khalid ni upanga katika panga za Mwenyezi Mungu, na kijana mwema wa jamaa zake. Anayeondoka alimsifu anayeingia, na anayeingia akamsifu anayeondoka, na kila mmoja akatoa ushahidi wa sifa za mwenziwe kwa Mtume wao. Ni nani katika askari wale angaliweza, baada ya hapo, kuunda kundi la Khalid na kundi la Abu Ubaida?

Na Khalid hakurudi hemani kwake akakaa. Alipigana chini ya bendera ya Abu Ubaida kama alivyopigana alipokuwa amiri. Alikuwako Yarmuk, mwaka 15 wa Hijra (636), siku ambayo nguvu za Warumi katika Sham zilivunjika. Akaushika mji wa Kinnasrin. Na habari zilipofika Madina, Sayyidna Umar alimrehemu Abubakar na kukiri kuwa yeye alijua watu zaidi. Khalid akafanywa liwali wa mji huo.

Kuuzuliwa kwake kwa pili kulikuwa kuchungu zaidi. Katika mwaka 17 wa Hijra (638) alirudi katika safari ya vita na mali nyingi, na Ash'ath bin Kais akamwendea kumwomba, naye akampa dirhamu elfu kumi. Habari zikafika Madina. Sayyidna Umar aliona kuwa ikiwa mali ile ni ya Khalid mwenyewe, basi huo ni ubadhirifu. Na ikiwa ni ya Waislamu, basi ni khiyana. Na kwa njia yoyote katika hizo mbili, hafai kubakia katika kazi. Akaamrisha asimamishwe mbele ya watu, avuliwe kofia, afungwe kwa kilemba chake mwenyewe, aulizwe mali ameitoa wapi.

Watu wakakusanywa. Abu Ubaida alikaa juu ya mimbari, kanyamaa, kwa kuona haya. Bilal (R.A.) ndiye aliyesimama akaitekeleza amri. Saifullahi, aliyewatetemesha Waajemi na Warumi, alisimama amefungwa kilemba chake na yule aliyekuwa zamani mtumwa wa Makka, na jeshi lote lilikuwa likimpenda. Angaliinua mkono wake, huenda panga zingalitoka alani. Hakuinua. Alijibu kuwa mali ile ni yake mwenyewe. Basi Bilal akamfungua, akamvisha kofia yake, na kilemba akakizungusha kichwani mwake kwa mkono wake mwenyewe, kwa kumpa heshima yake.

Khalid akawaaga watu wa Kinnasrin, akawaaga watu wa Hims, akenda Madina. Huko alimwambia Sayyidna Umar wazi kuwa hakumfanyia vyema. Mali yake ikahesabiwa, na dirhamu elfu ishirini zikatiwa Baitul-mali. Hatusemi kuwa hakuumia. Aliumia, akanena uchungu wake kwa mwenye amri, uso kwa uso, wala hakuupeleka kambini kwa askari.

Na watu wengine pia walinena. Sayyidna Umar alipoeleza mbele ya watu sababu ya kumuuzulu, kwamba mali iliyowekwa kwa wanyonge wa Muhajirina alikuwa akiwapa wenye nguvu na wenye vyeo na wenye ndimi, alisimama kijana wa ukoo wa Khalid, Abu Amr bin Hafs, akamlaumu Khalifa hadharani kwa kuutia alani upanga uliochomolewa na Mtume (S.A.W.). Khalifa hakumfunga wala hakumtisha. Alimjibu kuwa yeye ni jamaa wa karibu, na umri wake ni mdogo, na ameghadhibika kwa ajili ya bin ami yake. Kisha akaandika barua katika miji kueleza kuwa hakumwondoa Khalid kwa chuki wala kwa khiyana, ila watu wamefitinika naye, na amechelea wasije wakamtegemea yeye, wakasahau kuwa mwenye kutenda ni Mwenyezi Mungu.

Sayyidna Khalid alikufa mwaka 21 wa Hijra (642), na wengi wasema ni huko Hims, ambako msikiti wenye jina lake uko hata leo. Alikufa kitandani, naye akisikitika kuwa mwili wake hauna pahala pa shubiri moja pasipokuwa na kovu la upanga au mkuki au mshale, na bado mauti yamemjia juu ya godoro. Farasi wake na silaha zake aliziacha ziwe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Na Sayyidna Umar alimlilia.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Katika miji yetu ya pwani hatuna majeshi, lakini tuna misikiti, tuna madrasa, tuna vyama, na kila kimoja kina mtu aliyeshika bendera yake. Tumeona mwenyekiti akiondolewa akatoka na daftari za hesabu na ufunguo wa sanduku. Tumeona mwalimu akitolewa katika madrasa akafungua nyengine mlango wa pili, na watoto wa mtaa mmoja wakawa hawaamkiani. Tumeona pia mpya akiingia, na kazi yake ya kwanza ikawa ni kumtukana aliyemtangulia. Na tumeona wafuasi, nao ndio moto wenyewe, wakimwambia mkubwa wao kuwa pasipo yeye kazi itakufa.

Khalid alipoondoka, kazi haikufa. Na yeye hakupungukiwa. Leo, baada ya karne nyingi, hapana mtoto wa chuoni asiyelijua jina lake. Wala hatusemi kuwa mtu akionewa anyamaze. Khalid hakunyamaza, na kijana wa ukoo wake hakunyamaza, na Khalifa naye alijiona ni wajibu wake kutoa sababu mbele ya umma bila ya kumchafulia mtu jina. Lakini maneno yalisemwa, na safu hazikuvunjika.

Basi kila aliyeshika jambo la Waislamu mkononi mwake leo, na ajiulize: siku nitakayotakiwa niitoe bendera hii, mkono wangu utafunguka?

Wabillahi taufiki.