Lillian Wald: Muuguzi aliyeiacha wodi akawafuata wagonjwa majumbani

MACHI 1893, katika eneo la Lower East Side jijini New York, Marekani, darasa dogo la wanawake wahamiaji lilikuwa likifundishwa namna ya kutandika kitanda cha mgonjwa. Mwalimu wao alikuwa muuguzi kijana, Lillian Wald, aliyehitimu mafunzo ya hospitali miaka miwili tu kabla ya hapo.

Somo lilikatizwa na mtoto wa kike aliyekuja kutafuta msaada kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Wald alimfuata. Walipita katika mvua ya manyunyu, kwenye barabara zilizobomoka na kando ya marundo ya taka, hadi Mtaa wa Ludlow. Huko walivuka ua wenye vyoo vya wazi, wakapanda ngazi zilizojaa matope na kufika kwenye makazi ya familia ya watu saba.

Familia hiyo ilikuwa na vyumba viwili, na humo humo ilikuwa imepangisha watu wengine. Baba alikuwa mlemavu aliyejipatia riziki kwa kuombaomba barabarani huku akijifanya anauza vitu. Mama alikuwa amejifungua, naye alikuwa amelala kwenye kitanda kichafu chenye damu iliyokwisha kukaa siku mbili.

Wald alimwogesha mama huyo, akambadilishia malazi, akasugua sakafu. Alipokuwa akiondoka, wenyeji wake walimbusu mikono. Wakati huo alikuwa amejiandikisha katika chuo cha udaktari cha wanawake, lakini baada ya siku hiyo hakurudi tena chuoni.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi, na pengine limepambwa kidogo kila liliposimuliwa. Hata hivyo, uamuzi uliofuata ndio uliomfanya mwanamke huyo akumbukwe hadi leo katika historia ya uuguzi: aliamua kwamba kazi yake haitakuwa tena ya kumngoja mgonjwa hospitalini.

Lillian Wald alizaliwa Machi 10, 1867 mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio, kwenye familia ya Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Alikulia Rochester, jimbo la New York, ambako baba yake alifanya biashara ya miwani na vifaa vyake. Hakulelewa katika dhiki. Alisoma katika shule ya wasichana wa familia zenye uwezo, na alipoomba nafasi katika Chuo cha Vassar akiwa na umri wa miaka 16, alikataliwa kwa kuwa bado mdogo.

Uuguzi aliukuta nyumbani. Dada yake alipokuwa mjamzito aliletewa muuguzi wa kumhudumia, na Lillian akavutiwa na kazi aliyomwona akiifanya. Mwaka 1889 alijiunga na shule ya uuguzi ya Hospitali ya New York, akahitimu mwaka 1891.

Mafunzo ya wakati huo yalikuwa kazi zaidi kuliko masomo. Wanafunzi ndio waliozibeba wodi mabegani mwao: kuosha, kulisha, kufunga vidonda, kukesha. Nidhamu ilikuwa kama ya jeshi. Muuguzi hakumhoji daktari, na mgonjwa hakumhoji muuguzi. Saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kuonwa na ndugu, zote zilipangwa na hospitali.

Baada ya kuhitimu, Wald alifanya kazi kwa mwaka mmoja katika kituo cha kulelea watoto. Hakuridhika na namna watoto walivyotunzwa kwa mkupuo, kila mmoja akichukuliwa kama mwenzake. Ndipo alipogeukia udaktari, na wakati huo huo akakubali kuwafundisha wanawake wahamiaji usafi na utunzaji wa wagonjwa.

Ikumbukwe kwamba kumwuguza mgonjwa nyumbani hakukuwa jambo geni. Wauguzi wengi waliohitimu Marekani enzi hizo hawakubaki hospitalini. Waliajiriwa na familia za matajiri na kukaa na mgonjwa mmoja hadi apone au afe. Kwa upande wa maskini, William Rathbone, mfanyabiashara wa Liverpool nchini Uingereza, alikuwa amemwajiri muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani tangu mwaka 1859. New York nayo ilikuwa na wauguzi waliotumwa na mashirika ya dini kuanzia mwaka 1877.

Lakini wauguzi hao walikuwa na mabwana. Yule wa tajiri alikuwa chini ya tajiri. Yule wa misheni alibeba mahubiri pamoja na bandeji, na yule wa zahanati alikwenda pale tu daktari alipomtuma. Maskini aliyetaka muuguzi ilimbidi kwanza apate kibali cha mtu mwingine.

Wald na mwenzake waliyesoma naye, Mary Brewster, waliuvunja utaratibu huo. Kwa mtazamo wao, mgonjwa mwenyewe, jirani yake au mtoto wake angeweza kumwita muuguzi moja kwa moja. Muuguzi asingeuliza dini wala asili ya mtu. Aidha, angeishi mtaani humo humo, ili watu wajue mlango wa kugonga usiku.

Fedha zilitoka kwa familia tajiri ya Loeb na kwa mkwe wao, Jacob Schiff, mwenye benki maarufu wa New York. Mwaka 1893 wasichana hao walihamia Lower East Side, kwanza katika nyumba ya huduma za jamii iliyokuwa Mtaa wa Rivington, kisha ghorofa ya juu kabisa ya jengo la wapangaji katika Mtaa wa Jefferson. Idara ya Afya ya jiji iliwapa beji za kuwatambulisha. Mwaka 1895 Schiff aliwapatia nyumba namba 265, Mtaa wa Henry.

Kutoka wodini hadi nyumbani kwa mgonjwa, mambo mengi hugeuka juu chini. Wodini mgonjwa ndiye mgeni na muuguzi ndiye mwenyeji. Nyumbani muuguzi ndiye anayepiga hodi, na asipokaribishwa hana la kufanya. Hakuna kengele ya kumwita daktari, hakuna kabati la mashuka safi, wakati mwingine hakuna hata maji ndani. Kitanda kimoja kinalaliwa na watu watatu, na jikoni ndiko kunakoshonwa nguo za kiwandani kwa malipo ya kipande.

Katika mazingira hayo muuguzi hawezi kutoa amri. Akishaondoka, anayebaki na mgonjwa ni bibi, binti wa miaka kumi au jirani. Kwa hiyo nusu ya kazi ya wauguzi wa Mtaa wa Henry ilikuwa kumfundisha huyo anayebaki: namna ya kumgeuza mgonjwa, kuchemsha chupa za mtoto, kufungua dirisha ambalo familia ililiziba kwa kuogopa baridi. Na ilibidi wafundishe bila kumdharau mtu katika nyumba yake mwenyewe. Wapo wauguzi hodari wa wodini ambao hilo liliwashinda.

Mgonjwa mwenye uwezo alilipa senti chache, asiye nazo hakulipa. Wald alishikilia malipo hayo madogo kwa sababu aliona yanamwondolea mgonjwa aibu ya kupewa sadaka.

Kulikuwa pia na ngazi. Majengo ya wapangaji yalikuwa na ghorofa tano au sita bila lifti, na muuguzi aliweza kuwa na wagonjwa katika majengo manne yaliyofuatana. Wengi walijifunza kupanda mara moja tu na kuvuka kutoka paa hadi paa. Picha ya mwaka 1908 ya muuguzi akivuka ukuta mdogo wa paa, mkoba mweusi mkononi, bado huchapishwa hadi leo.

Brewster aliacha kazi baada ya miaka michache kwa sababu ya afya mbaya. Wald alibaki, na huduma ikakua. Kufikia mwaka 1913 ilikuwa na wauguzi 92 waliofanya takriban ziara 200,000 kwa mwaka.

Mwaka 1902 alilishawishi jiji lijaribu kumweka muuguzi shuleni. Wakati huo madaktari walipita shuleni na kuwarudisha nyumbani watoto wenye trakoma, upele au chawa, basi. Hakuna aliyefuatilia kama walitibiwa. Muuguzi Lina Rogers kutoka Mtaa wa Henry alipewa shule nne kwa mwezi mmoja. Aliwatibu watoto papo hapo, kisha akawafuata nyumbani kuzungumza na wazazi. Katika muda wa mwaka mmoja, idadi ya watoto waliofukuzwa madarasani kwa maradhi ilishuka hadi takriban sehemu moja ya kumi, na jiji likaanza kuwaajiri wauguzi wa shule kwa fedha zake.

Mwaka 1906 alimwajiri Elizabeth Tyler, muuguzi mweusi aliyesomea Hospitali ya Freedmen's jijini Washington. Tyler alianza kazi San Juan Hill, mtaa wa weusi upande wa magharibi wa Manhattan, ambako hakuna aliyemfahamu. Aliwauliza wasimamizi wa majengo ni nani anaumwa, akajenga orodha yake ya wagonjwa. Wengine walimfuata. Haki inataka isemwe pia kwamba wauguzi hao weusi kwa sehemu kubwa walipangiwa wagonjwa weusi. Mipaka ya rangi ya jiji haikufutika kwenye ngazi za Mtaa wa Henry. Hata hivyo, mwaka 1909, wajumbe wa mkutano uliozaa chama cha NAACP cha kutetea haki za watu weusi walipokewa katika nyumba hiyo, weupe na weusi pamoja, wakati ambapo kumbi nyingi zisingekubali.

Mwaka huo huo Wald alipata mshirika ambaye wengi hawakumtarajia. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilikuwa na mamilioni ya wateja wafanyakazi waliolipa senti chache kila wiki ili wakifa familia zao zipate fedha za mazishi. Hoja iliyopelekwa kwa kampuni hiyo ilikuwa ya kibiashara kabisa: mteja akiuguzwa vizuri nyumbani, hafi mapema, na asipokufa mapema kampuni hailipi. Jaribio lilianza Manhattan mwaka 1909 kwa wauguzi wa Mtaa wa Henry, kisha likaenea nchi nzima. Lilidumu hadi mwaka 1953.

Wald alipenda kuonyesha kwa takwimu kwamba nyumba inaweza kushindana na wodi. Kwa mwaka 1914 alilinganisha wagonjwa wa nimonia zaidi ya 3,500 waliohudumiwa majumbani, ambao takriban asilimia 8 walifariki, na wagonjwa wa hospitali nne kubwa za jiji, ambao takriban asilimia 31 walifariki. Ulinganisho huo una kasoro, maana aliyezidiwa ndiye aliyekimbizwa hospitali, na wengi wa waliouguzwa nyumbani walikuwa watoto. Lakini katika enzi ambayo haikuwa na dawa za antibaiotiki, uangalizi ndio uliokuwa dawa, na uangalizi uliweza kupatikana hata chumba cha nyuma, ghorofa ya tano.

Ni yeye aliyeeneza jina la muuguzi wa afya ya jamii, kwa kuwa aliona homa haiwezi kutenganishwa na mshahara, maji na nyumba. Ndiyo maana alipigania viwanja vya watoto kuchezea, alipinga ajira za watoto, na alikuwa miongoni mwa walioshinikiza kuundwa kwa ofisi ya serikali ya kushughulikia watoto, iliyoanzishwa mwaka 1912. Mwaka huo pia alichaguliwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha wauguzi wa afya ya jamii.

Msimamo wake ulimgharimu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alikuwa mstari wa mbele kupinga vita, na baadhi ya wafadhili wakaacha kuchangia. Mwaka 1918, homa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ilipoingia New York, jiji lile lile lililomnung'unikia lilimtegemea: aliongoza baraza la dharura lililounganisha wauguzi wa mashirika mbalimbali na kuwatafuta wanawake wa kujitolea. Miezi michache baadaye, mwaka 1919, jina lake lilisomwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti katika orodha ya watu walioshukiwa kwa kupinga vita.

Hakuolewa wala hakupata watoto. Aliandika vitabu viwili kuhusu maisha yake katika Mtaa wa Henry, cha kwanza mwaka 1915 na cha pili mwaka 1934. Afya yake ilipodhoofika aliachia uongozi mwaka 1933 na kuhamia Westport, jimbo la Connecticut.

Alifariki huko Septemba 1, 1940, baada ya kuugua kwa muda mrefu, nyumbani kwake. Alizikwa Rochester. Miaka minne baadaye huduma ya wauguzi ilitenganishwa na nyumba ya Mtaa wa Henry ikawa shirika linalojitegemea, ambalo tangu mwaka 2022 linaitwa VNS Health. Nyumba namba 265 ipo bado, na ingali ikitumiwa kuwahudumia watu wa mtaa huo.