John McCarthy, mtoto wa mwanasindika

Sisi wa sindika ya wachimbaji, kule Misisi na hapa Baraka, leo tunamukumbuka mtu ambaye kazi yake inatuhusu hata kama yeye alikuwa mbali: John McCarthy.

Alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 4 Septemba 1927. Baba yake alitoka Ireland, na kazi yake ilikuwa kupanga wafanyakazi mu sindika. Mama yake alitoka Lithuania, naye alipigania wanawake wapate haki ya kupiga kura. Mtoto alikuwa mgonjwa-mgonjwa, njo familia ikahamia Los Angeles juu ya afya yake.

Kule alijifundisha mwenyewe hesabu mu vitabu vya chuo kikuu cha Caltech. Alipoingia kile chuo mwaka 1944, akaruka hesabu ya miaka 2 ya kwanza. Lakini walimufukuza juu alikataa kuhuzuria masomo ya mazoezi ya mwili. Akapita jeshini, akarudishwa chuoni, akamaliza mwaka 1948. Mwaka 1951 akapata udaktari wa hesabu kule Princeton.

Mwaka 1958, mu chuo cha MIT, alianzisha Lisp, luga ya kuandikia programu za kompyuta. Mu Lisp, programu yenyewe inaandikwa kama orodha ndani ya mabano. Kwa hiyo programu moja inaweza kusoma ingine na kuichunguza. Toka 1962 alifundisha Stanford. Alishikilia kwamba haitoshi kutengeneza makosa kila yanapotokea. Lazima kuhakikisha kwa hesabu kwamba programu inafanya kile ilichoahidi. Mwaka 1971 alipewa tuzo ya Turing.

Lisp imezaa. Mtoto mmoja ni Clojure, ya mwaka 2007. Wanaoiandika wako na vyombo vya kupima, kama Speclj na Midje. Hesabu ile ya McCarthy ni ngumu. Hivi vyombo vinafuata njia fupi. Mbele ya kuandika programu, unaandika mwenendo unaotaka: kukiwa hivi, mtu akifanya vile, itokee hivi. Kisha chombo kinajaribu, na kinasema wapi ahadi imevunjika.

Sisi tunaelewa mambo haya. Mizani ya elektroniki ya zahabu iko na programu ndani. Siku moja mnunuzi alitupimia, uzito ukapungua kuliko ule tuliopima sisi. Hatukukuwa na ushahidi, tukapokea feza kidogo, watoto wakarudi nyumbani bila minerval. Toka pale tunaandika ahadi mbele: mizani ikiwa tupu, ionyeshe 0, tukiweka jiwe la gramu 10, ionyeshe 10, tukiongeza lingine, 20. Ikikosa hata mara moja, hatuuzi.

McCarthy alikufa nyumbani kwake Stanford tarehe 24 Oktoba 2011, akiwa na miaka 84. Baba yake alitaka mfanyakazi asidanganywe na bwana. Yeye alitaka mtu asidanganywe na mashine. Ndugu wachimbaji, kila kikundi kinunue jiwe lake la gramu 10, na mama mwenye kushika sanduku alitunze.