Daktari Atiman wa Karema: Ahadi ya Miaka 67

Wahenga walituachia neno kwamba ahadi ni deni. Kila mtu hulisema neno hilo anapomdai mwenzake. Wachache hulikumbuka wanapodaiwa wao. Kwa hiyo yafaa tumtazame Mzee Adriano Atiman, daktari na katekista wa Karema, aliyelipa deni lake siku kwa siku kwa muda wa miaka 67.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alinyakuliwa na wezi wa watu, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hata Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Mwaka 1882 alibatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine waliotolewa utumwani, wajifunze utabibu, ili wapate kuiponya Afrika mwili na roho.

Mwaka 1888 alisafiri katika msafara wa Askofu Bridoux, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Nchi ile haikuwa yake, wala hakuwa na ndugu hata mmoja. Askofu Bridoux alifariki mwaka 1890, na Kardinali Lavigerie mwaka 1892. Hivyo, kabla Atiman hajatimiza miaka 30, aliyemtuma na aliyemwongoza njiani walikuwa wamekwisha kuzikwa. Nani basi angemdai? Hapo ndipo ahadi hujulikana kama ni ya kweli: pale mwanadamu aliyeipokea anapokuwa hayupo tena. Atiman alijua kwamba neno lake lilipokewa na Mungu, naye Mungu hafi.

Akabaki. Alimwoa Agnes, binti wa nchi ile, na mwana wao Yosefu akapata upadre. Utawala wa Wadachi ulikuja ukapita. Vita vya mwaka 1914 vikaja vikapita. Waingereza wakashika nchi. Malale iliteketeza watu wengi kandokando ya ziwa. Maaskofu wakafuatana mmoja baada ya mwingine. Mzee Atiman alikuwa pale pale, akiwatibu wagonjwa na kuwafundisha wakatekumeni, mpaka alipofariki mwaka 1956, umri wake ukikaribia miaka 90. Hospitali ya Dr. Atiman huko Sumbawanga yachukua jina lake.

Jamaa za Kasulu na Kibondo wana sababu ya pekee ya kumkumbuka. Kigoma ilipofanywa vikariati mwaka 1946, askofu wake wa kwanza, Yohane van Sambeek, alitoka Karema, alikokuwa ameongoza tangu mwaka 1936. Tena malale haikuwa ngeni kwa Waha. Katika miaka ya 1930 serikali iliwahamisha wengi wao, wakaacha viunga vyao na makaburi ya baba zao, wakakusanywe katika makazi mapya. Na katika miaka ile vijana wengi wa Buha waliandikwa kazi ya mkonge huko Tanga, wale walioitwa manamba. Kila mmoja aliwaahidi wazazi na mkewe kwamba atarudi. Wengi walirudi. Wengine walipotelea huko, na mama akazeeka akiitazama njia.

Siku hizi njia zaelekea Dar es Salaam na Mwanza, na simu i mkononi. Lakini mke aliyeachwa bila habari angali anangoja, na mtoto aliyeahidiwa ada ya shule angali anahesabu siku. Tusiseme kwamba umaskini umetuvunjia ahadi zote. Nyingine tumezivunja wenyewe, kwa kuwa aliyezipokea ni mnyonge, hana pa kutushitaki.

Je, Atiman alipata wapi nguvu? Alikuwa ametendewa hiana na wanadamu tangu utoto, naye angaliweza kuapa kwamba hatamwamini mtu tena. Lakini, kama Yosefu mwana wa Yakobo aliyeuzwa Misri, alitambua kwamba Mungu hakumwacha katika mikono ya waliomuuza. Mwenye kuonja uaminifu wa Mungu huona haya kuwa mwongo kwa jirani. Hii ndiyo chemchemi ya kila ahadi ya Mkristo, ya ubatizo, ya ndoa, au ya upadre: Mungu ametangulia kutimiza ya kwake.

Basi, wazazi, tuwafundishe watoto wetu kwa mambo madogo. Tusiwaahidi tusichonuia kuwapa. Tukishindwa, twende tukaseme waziwazi kwa yule anayetungoja, wala tusijifiche. Na jioni, kabla ya sala ya jamaa, kila mmoja ajiulize ni nani anayemdai neno lake, akaanze kulilipa kesho asubuhi.